Kijiti cha Meno Ndani ya Pakiti ya Chai

"Hiki ni nini?"

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni kwangu, mkono mmoja kashika pakiti ya chai, mkono wa pili kitambaa cha karatasi. Juu ya kitambaa kulikuwa na kijiti cha meno. Wala si kipya. Ncha moja ilikuwa imetafunwa mpaka imechanua kama brashi.

"Umekitoa wapi hicho, dada?"

"Kwenye chai yako."

"Chai yangu mimi?"

"Yako wewe, Pua. Nimechemsha, nimechuja, nimekikuta kimejilaza kwenye kichujio. Sasa niambie, hiki nacho ni kiungo? Tangawizi, iliki, mdalasini, halafu kijiti cha meno cha mtu?"

Nikahisi mate yananijaa mdomoni, yale mate ya mtu anayetaka kutapika. Nilijiuliza meno yaliyotafuna kile kitu ni ya nani, na yalikuwa yametoka kula nini.

Pua ndiye mimi. Jina nilipewa nyumbani tangu nikiwa mdogo, kwa sababu nilikuwa nikinusa sufuria iliyofunikwa nawaambia kilichomo na kilichosahaulika. Nimekua, pua ikawa kazi. Natengeneza chai ya viungo jikoni kwetu. Tangawizi nakata vipande vyembamba kama karatasi, naanika kwenye chekeche juu ya dirisha. Iliki nakaanga na maganda yake kwenye kikaango kikavu mpaka zianze kulia. Mdalasini natwanga kwa kinu, si kwa mashine, maana mashine inaupa joto na harufu inapotea. Karafuu chache, pilipili manga chache zaidi, nachekecha mara mbili. Watu wa mtaa mzima wananywa mikono yangu, na ninaposema mikono nataka uelewe kwamba nakata kucha kila siku mbili.

"Kaa, dada. Nipe hiyo pakiti."

"Sikai. Nataka jibu."

Niliigeuza pakiti. Ilikuwa ya wiki iliyopita, imefungwa kwa tepe ya bluu. Tepe ya bluu ni ya mchumba wangu.

Huyo tumwite Dereva, kama mtaa mzima unavyomwita, kwa sababu anaendesha gari dogo la mizigo. Miezi miwili nyuma alikuja jikoni, akanikuta nimechoka, mabega yananiuma kwa kuchanganya, akanishika mikono akaibusu yote miwili na unga wake wa tangawizi.

"Wewe shughulika na viungo tu, Iliki yangu," aliniambia. "Majani nitanunua mimi kiwandani. Kuchanganya na kufunga nitafanyia kwangu. Nikuoe ukiwa na mgongo mzima."

Nililia siku ile. Nikamkabidhi mashine ya kufungia pakiti, vipimo, na roho yangu juu yake.

"Mshonaji," nikasema, "subiri. Usiondoke."

Nilichukua glasi nikajaza maji baridi ya bombani. Hicho ndicho kipimo changu. Karafuu nzuri inazama, iliyokamuliwa mafuta inaelea. Majani mazuri ya chai ukiyatia kwenye maji baridi yanakaa tu, hayana haraka, rangi yao inataka moto. Majani yaliyokwisha kupikwa yakapakwa rangi hayawezi kusubiri. Kila mtu aliyewahi kuniletea kitu nilimpima na glasi hiyo mbele ya macho yake, hata shangazi yangu wa damu, akanuna mwezi mzima. Mtu mmoja tu sikuwahi kumpima.

Nikamwaga kijiko kimoja cha chai ya tepe ya bluu.

Hata sikuhesabu mpaka tatu. Rangi ilishuka chini ya glasi kwa mistari, kahawia, kama maji ya kutu yanayotoka kwenye bati.

"Khaa!" Mshonaji alishika mdomo. "Na maji ni baridi?"

"Baridi."

"Sasa nimekunywa nini mimi?"

Niliinamia glasi nikanusa. Chini ya iliki yangu, chini ya mdalasini wangu, kulikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha. Na harufu hiyo nilikuwa naijua. Ilikuwa kwenye shati la Dereva wiki mbili mfululizo. Nilipomuuliza, aliniambia alibeba kopo la maziwa likamwagikia garini. Nikalifua lile shati kwa mikono yangu.

Ilikuwa Alhamisi, siku yake ya kwenda kiwandani kununua majani. Nikampigia.

"Iliki yangu!" Sauti yake ilikuwa tamu kama kawaida.

"Uko wapi?"

"Kiwandani, mpenzi. Foleni leo usipime."

Nyuma yake mwanamke akapaza sauti: "Sahani arobaini na mbili! Arobaini na mbili tayari, njoo uchukue!"

"Nani huyo?"

"Nani?"

"Huyo anayeita sahani."

"Aah... wafanyakazi hapa, wanakula. Mpenzi, mtandao unakata. Halo? Halo?"

Akakata yeye, si mtandao. Baada ya dakika ujumbe ukaingia:

"Samahani mpenzi huku mtandao mbovu. Jumapili wazee wangu wanakuja kupanga siku yetu. Siwezi kusubiri kukuita mke wangu."

Mdogo wangu alikuwa anamenya tangawizi pembeni, masikio yote kwetu.

"Ana mwanamke," akasema.

"Nyamaza wewe."

"Dada, mwanamume anayedanganya alipo siku ile ile kila wiki ana mwanamke. Na anapika vizuri, huyo mwanamke. Umesikia sahani."

Mshonaji akakohoa kile kikohozi cha mtu mwenye neno.

"Mimi umbea sipendi..."

"Sema, dada. Leo upende kidogo."

"Gari lake huwa naliona kantini ya chuo, nyuma kule, mlango wa jikoni. Kila Alhamisi. Mimi huwa napeleka aproni za wapishi. Nilidhani unajua. Nilidhani unawauzia chai."

Nikavua aproni yangu. Mdogo wangu akainuka na kisu cha tangawizi mkononi.

"Kisu acha," nikamwambia.

"Cha kujikinga tu."

"Acha kisu, baki na mama, na usimwambie neno."

Sitakuficha. Njia nzima nilikuwa namchora yule mwanamke. Nilimvika gauni, nikamsuka nywele, nikampa sauti. Nilikuwa nimeandaa na matusi. Nilifika mlango wa jikoni wa kantini nikakuta mama mmoja mpishi, mnene, mchangamfu, anasugua sufuria kubwa kuliko bafu letu.

"Karibu, mwanangu! Unamtafuta nani?"

"Namtafuta kaka mmoja, ana gari dogo jeupe."

"Ooh, yule kaka wa mbolea!"

"Wa nini?"

"Wa mbolea. Si anachukua machicha ya chai? Tukishachuja chai ya wanafunzi, yale majani yaliyobaki tunamwekea kwenye ndoo. Ndoo nne, tano kila wiki. Anasema anaweka kwenye maua. Kijana anapenda maua yule, mpaka raha! Mke wake atakuwa na bahati."

Nilishika fremu ya mlango.

"Mama... mnamwekea yakiwa masafi?"

Akacheka mpaka mabega yakaruka. "Usafi wa nini, na ni mbolea? Tunatupia humo humo na uchafu wa mezani. Tishu, mifupa, vijiti vya meno, chai walizoacha vikombeni. Juzi kuna mwanafunzi alitapika pale kona, dada wa usafi akafagia akatia... Mwanangu? Mwanangu, vipi? Una mimba?"

Nilikuwa nimeshainama kwenye mtaro.

Mama wa watu alinipa maji, akanisugua mgongo, akaniambia ujauzito wa kwanza ndivyo ulivyo. Nikamshukuru. Nikamuuliza kaka wa mbolea kaelekea wapi, akanionyesha kwa kidole: banda la zamani la magari, ng'ambo ya uwanja.

Mlango wa banda ulikuwa wazi nusu. Nilisimama pembeni.

Alikuwa ametandaza turubai sakafuni, machicha yamemwagwa juu yake mpaka ukutani, meusi, yamelowa, nzi wanapiga mbizi. Paka alikuwa amelala katikati, mahali palipokauka kidogo. Na mchumba wangu alikuwa juu ya machicha pia, suruali imekunjwa mpaka magotini, pekupeku, anayasambaza kwa miguu huku anapiga mluzi. Akasimama. Akakuna katikati ya vidole vya mguu, taratibu, amefumba macho kwa raha. Kisha kwa mkono ule ule akachota rangi ya unga, ile ya kutilia keki, kwenye kopo, akainyunyiza juu ya machicha, akachanganya. Akaokota mfupa akamrushia paka.

Pembeni yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kulikuwa na bakuli langu la viungo. Bado limefunikwa na kitambaa nilichokidarizi maua pembeni, nilichomfunikia asubuhi ile ile ili vumbi la njiani lisiingie.

Basi ndugu yangu, hapo ndipo nilipomkumbuka yule mwanamke wangu wa kufikirika na gauni lake, nikatamani angekuwepo. Kweli. Mwanamke ningemwelewa. Ningelia, ningetukana, pengine hata ningesamehe baada ya mwaka. Lakini mguu ule! Nilikuwa nimeushika mguu ule. Nilishawahi kuukata kucha.

Sikuingia. Nitakwambia kwa nini. Dereva ana mdomo. Ningeingia, angepiga magoti pale pale kwenye uchafu, angelia, angenieleza, na mimi ninavyojijua ningemtafutia sababu kabla yeye hajaimaliza kuitunga. Nilikuwa nimempenda miaka mitatu. Mapenzi ya miaka mitatu hayatoki kwa kutapika mara moja.

Nyumbani nilisugua meno, nikaoga, nikasugua meno tena. Mama yangu alikuwa sebuleni anapiga pasi vitambaa vya viti.

"Mwanangu amesema wanakuja saa ngapi Jumapili?" akauliza. Mwanangu hapo ni Dereva. Mama hajazaa mtoto wa kiume, na siku alipoletewa huyu alimpokea kama zawadi.

"Saa tisa, mama."

"Utawapikia chai yako. Mimi nataka mama mkwe wako ainywe mbele yangu, nimwangalie anavyotikisa kichwa."

Nikaingia chumbani. Mdogo wangu akafunga mlango nyuma yetu, nikamweleza yote. Nilipofika kwenye miguu akajifunika shuka.

"Nyamaza, nyamaza, nitatapika. Sasa Jumapili unavunja?"

"Kwanza watu waondolewe chai hiyo. Kesho tunapita mlango kwa mlango, tunakusanya kila pakiti ya bluu na tunawaambia ukweli."

"Watakusema, dada."

"Waniseme. Wana haki."

"Na yeye?"

Nilikaa kitandani. "Yeye nampa nafasi moja ya kusema mwenyewe."

Nikamwandikia:

"Mpenzi, majani ya safari hii vipi? Jumapili nataka kuwapikia wazee wote chai kutoka kwenye pakiti zako."

Alama za kwamba ameusoma zilitokea hapo hapo. Akawa anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

"Majani mazuri sana. Ila joto mpenzi, wape juisi."

Mdogo wangu alisoma juu ya bega langu, akasonya msonyo mrefu hivi.

Ijumaa na Jumamosi tulizunguka mtaa. Nilitukanwa, sitakudanganya. Kinyozi aliniambia ndiyo maana alikuwa anaharisha. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa mteja wangu wa kwanza kabisa, alinifungia mlango usoni. Mshonaji ndiye aliyetembea na mimi nyumba za mwisho, akiwaambia watu, "Angeweza kunyamaza, huyu. Angenyamaza mngejua nyinyi?" Niliwasihi wote wasimwambie Dereva mpaka Jumapili ipite. Tulikusanya pakiti hamsini na tatu, tukabakisha moja, nyingine zote nikazichimbia shimo nyuma ya nyumba. Hata kwenye maua sikuzitia.

Ile moja niliikata chini kwa wembe, nikamwaga uchafu wake, nikabakiza konzi moja tu, nikaosha, nikakausha, nikaijaza chai yangu mwenyewe, safi, ya majani niliyoyanunua kabla Dereva hajayaingilia. Nikaifunga tena. Juu, tepe ya bluu haikuguswa.

Jumapili saa tisa wakaja. Dereva kavaa shati jeupe. Mama yake, mama mwembamba mwenye heshima zake, kanibusu mashavu yote mawili. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa msemaji wetu.

"Karibuni sana, jisikieni nyumbani," mjomba akasema. "Vijana wamependana, sisi ni kupanga siku tu."

"Kupanga siku tu," mama mkwe akacheka. "Mimi hata leo namchukua, mkitaka."

Wote wakacheka. Dereva alicheka kuliko wote. Nikaingia na sinia.

Birika, vikombe, sukari. Katikati nikaweka ile pakiti, tepe ya bluu inamtazama. Kicheko chake kilikatika.

"Mpenzi," akasema polepole, "si tulisema juisi?"

"Juisi na wageni kama hawa? Mama angenifukuza."

"Ningekufukuza!" mama yangu akadakia.

Nikakata tepe mbele yao. Nikatia vijiko vitano kwenye birika la maji yanayochemka, nikafunika. Harufu ikapanda, ikajaa sebule. Wakati wote nilikuwa namtazama yeye. Nikammiminia mjomba. Nikammiminia mama yangu.

Nikampa mama kikombe, nikakiachia taratibu.

Sema, nilikuwa namwambia kwa macho. Sema sasa hivi. Sema chochote. Mwambie mama chai ina moto. Mpige kumbo. Huyu ni mama yangu, anakuita mwanangu, Alhamisi amekupigia pasi kitambaa cha kiti unachokikalia.

Mama akainua kikombe.

Dereva akatoa simu mfukoni, akainamia kioo.

Mama akanywa. Akanywa tena. "Mmh!" akafumba macho. "Mama mkwe, hii chai usiisikie kwa watu."

Mjomba naye akanywa. Dereva anapekua simu tu, jasho linamtiririka shingoni. Kuna kitu kilinishuka ndani, kikazama moja kwa moja, kama karafuu nzuri.

Nikamimina kikombe cha tatu nikampa mama yake. Akakipokea kwa mikono miwili, akapuliza, akakipeleka mdomoni.

"Mama, usinywe!"

Alikuwa ameshasimama. Mkono wake ulikipiga kikombe, kikaruka, chai ikatapakaa kwenye gauni la mama yake na kwenye vitambaa vyetu vyeupe.

Mama yake alilitazama gauni, kisha akamtazama yeye.

"Kuna nini?" mama yake akauliza.

"Una... una presha, mama."

"Presha na chai wapi na wapi? Si nakunywa chai kila siku? Si wewe unaniletea?"

"Hii... hii ni kali."

"Mama yangu amemaliza nusu kikombe," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, tulivu. "Ulimwona. Ulitoa simu."

"Iliki yangu, tutoke nje tuongee."

"Tuongelee hapa, kaka wa mbolea."

Uso wake uliishiwa rangi. Mjomba akaweka kikombe chini, akakitazama kwa wasiwasi.

"Kunyweni, mjomba, ni safi," nikamwambia. "Nimebadilisha mwenyewe. Ya kwake hii hapa."

Mdogo wangu akaleta glasi ya maji baridi, kile kijiti cha meno juu ya kisahani, na konzi moja ya machicha niliyobakiza. Nikayatia majini. Rangi ikashuka kwa mistari mbele ya macho yao wote, na nikawaeleza: kantini, ndoo, nzi, paka, rangi ya keki, miguu. Sikutia chumvi. Haikuhitaji.

Mama yangu alijifunika mdomo kwa upande wa kanga. "Ulijua," akamwambia. "Umenitazama nikinywa, na wewe ulijua ni yale."

"Mama, mimi..."

"Usiniite mama. Ptuu! Hilo neno kwako linanuka."

Mama yake alikuwa bado amekaa, chai inamdondoka magotini. Alikiinua kile kijiti cha meno, akakigeuza, akakirudisha.

"Na mimi?" akauliza. "Hiyo unayoniletea kila wiki. Nimekunywa haya?"

"Hapana!" Dereva akapiga magoti. "Wallahi hapana, mama! Wewe nilikuwa nakuletea ya kweli! Yako nilikuwa nainunua kiwandani, kila wiki, sijawahi kukuchanganyia!"

Alidhani amejitetea, masikini. Alimaliza kusema, akatutazama mmoja mmoja, ndipo akaelewa alichosema.

Mama yake akainuka. Akaja mezani, akachukua kikombe kingine.

"Nimiminie, mwanangu."

"Mama, si lazima..."

"Nimiminie."

Nikammiminia. Akanywa amesimama, mpaka tone la mwisho. Akakiweka kikombe chini akaifuta midomo kwa kiganja.

"Ni nzuri," akaniambia. "Nilikuja kuchukua mke, na nimemwona. Lakini mume wa kumpa sina." Kisha akamgeukia mtoto wake aliyekuwa bado sakafuni. "Simama. Utafua hili gauni kwa mikono. Na hivi vitambaa vya watu."

Waliondoka. Mama yangu akalia kidogo jikoni, akaosha vikombe vyote mara tatu ingawa alijua ni visafi. Mwalimu mstaafu alituma mtu kuuliza kama ni kweli nimelianika jambo lile mbele ya wazee. Jumatatu akaja mwenyewe na glasi yake ya maji mkononi, akapima chai yangu pale pale mlangoni, maji yakabaki meupe, akanunua pakiti mbili bila kunisalimia. Sikumlaumu.

Siku hiyo hiyo Dereva akaanza kuandika.

"Umenidhalilisha mbele ya mama yangu."

"Nilifanya kwa ajili yetu. Kiwanda ni mbali, na harusi ilikuwa inakuja. Ungeniambia tu ningeacha."

"Nimefua vitambaa. Niviletee?"

Nilikuwa nakaanga iliki, nikaendelea kukaanga. Halafu ukaja mwingine:

"Nijibu kimoja tu, sitakusumbua tena. Ulijuaje kwamba nitamzuia mama asinywe?"

Nikaepua kikaango. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena.

"Sikujua. Nilikuwa naomba umzuie wa kwangu."

Nikatuma, nikamfungia namba, nikaenda kunawa mikono.